Mrudishieni Mshauri Wangu Ukali Wake

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Washauri Nasaha,

YAH: MALALAMIKO JUU YA KOZI YA KUREKEBISHA UHUSIANO ULIOLEGALEGA KATI YA MSHAURI NA MTEJA

Mheshimiwa, natumai wewe na walimu wako hamjambo na kazi inakwenda. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na kwa miaka miwili nimekuwa mteja wa mmoja wa wanafunzi wenu wa zamani, yule binti mwenye miwani mikubwa ambaye ofisi yake iko juu ya duka la rangi. Nilipelekwa kwake na familia yangu, baada ya kikao ambacho sikualikwa, kwa madai kwamba nina hasira za karibu. Sikukubaliana na madai hayo na niliwaambia hivyo kwa sauti iliyofika kwa majirani. Hata hivyo nilikwenda. Naandika leo kwa sababu hivi karibuni mlimwita chuoni mkamfundisha namna ya kupatana na wateja walioshindwana naye, na aliyerudi si mtu niliyemzoea. Naomba kueleza hasara niliyoipata.

1. Kabla ya kozi yenu tulikuwa tunagombana vizuri sana. Kila Jumanne nilipanda zile ngazi, nikakaa, na kabla sijavua mtandio nimeshaanza. Namwambia kwamba mume wangu ni mzembe. Ananiambia hapana mama, mumeo amechoka kusemwa. Namwambia yeye hajaolewa, atajuaje. Ananiambia haihitaji ndoa kumtambua mtu asiyesikiliza. Kuna siku tulibishana kipindi kizima juu ya bega la koti lake, mimi nikisema limeshonwa kombo, yeye akisema nisikimbie mada. Hakuwa mtu wa kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilikuwa nikitoka pale koo limekauka na moyo mweupe, nikishuka nawasalimia hata wauza rangi.

2. Tangu arudi kutoka kwenu, binti huyu hagombaniki. Nilimwambia viatu vyake vibaya. Akanishukuru kwa kumwamini kiasi cha kumwambia. Nikamwambia shukrani hiyo inaudhi. Akasema anaona kuna mpasuko umetokea kati yetu na yuko tayari kubeba sehemu yake. Mheshimiwa, mimi nazijua nguo zilizopasuka. Ukikaa kuishona kila wiki nguo ambayo haijapasuka, sindano yenyewe ndiyo itakayoitoboa. Nilimweleza hivyo, akaandika, akasema asante.

Msifikiri nilikaa tu. Nilijaribu kumsaidia arudi katika hali yake. Nilichelewa makusudi, akaniomba radhi kwamba huenda saa aliyonipangia hainifai. Nilikalia kiti chake. Akakaa kwenye changu na kusema sasa anaelewa kwa nini nalalamikia mgongo. Nilinyamaza kipindi kizima, jambo ambalo nyumbani walikataa kuliamini, naye akasema kimya changu amekisikia. Siku niliyofika nimelowa, aliomba radhi kwa ajili ya mvua.

3. Nilimpeleka mume wangu, nikitumaini mshauri atamtetea kama zamani nami nipate pa kuanzia. Akatutetea sote wawili. Kisha akamuuliza mume wangu anajisikiaje. Mzee huyu hajaulizwa swali hilo tangu tuoane, na alilijibu mpaka muda wetu ukaisha, mimi nimekaa nimemshikia kofia. Sasa amepewa siku yake, Alhamisi, na akirudi ananieleza kwamba mambo fulani yamemgusa. Mimi sikumpeleka kule ili aguswe.

4. Hili ndilo kubwa, na naomba ulisome umekaa. Nyumba yangu ilikuwa na utaratibu wake. Jumanne jioni, nikitoka kwa mshauri, nilikuwa mtu mwema, na kila mmoja alilijua hilo. Maombi yote yalingoja Jumanne. Glasi ikivunjika Jumatano, vipande vilifichwa kabatini wiki nzima, halafu naletewa pamoja na chai, nami nasema haidhuru. Mwanangu alinitangazia siku ya Jumanne kwamba ameuza cherehani yangu ya zamani. Sasa, tangu kozi yenu, narudi na mzigo wangu kama nilivyoondoka nao, na hawa watu kwa mazoea wananimwagia kila kitu jioni ileile.

Ndivyo ilivyotokea kwamba mke wa mwanangu aliniletea chai na habari kuwa gauni la mteja ameliunguza kwa pasi. Alikuwa akinisaidia, bila kuombwa. Nikamwambia maneno niliyokuwa nimemwandalia mshauri. Yalikuwa maneno ya kumwambia mtu aliyesomea kuyapokea, si binti wa watu aliyeshika sinia. Aliweka sinia mezani akatoka. Tangu hapo ananisalimia kama mpangaji anavyomsalimia mwenye nyumba, na mwisho wa mwezi wanahama, yeye, mwanangu na mjukuu wangu, kwenda vyumba viwili upande wa pili wa mji. Mjukuu huyo ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano, maana macho yangu yamechoka. Sitaki waende. Nasema wazi, Mheshimiwa, nakata vitambaa huku nalia, na juzi nimekata kaptura yenye mguu mmoja mrefu. Chanzo ni ninyi.

5. Kwa hiyo naomba mshauri wangu arudishwe chuoni haraka, afundishwe upya kunikatalia. Naomba pia kila mshauri apewe kibali cha ugomvi mmoja kamili kwa kila kipindi, na asiruhusiwe kuomba radhi mpaka mteja awe amefika barabarani. Kama hamna mwalimu wa somo hilo, niko tayari kulifundisha. Wadhamini wangu ni wenye nyumba watatu walionihamisha, dada yangu mkubwa, na mwalimu mkuu mmoja ambaye nilimpima kiuno nikamtajia alichotaka nisimtajie. Naweza kufundisha kununa kwa nadharia na kwa vitendo. Nitahitaji ubao, mlango mzito wa kubamiza, na wanafunzi wasio wepesi wa kulia.

6. Mkikataa, itanibidi vipindi vyangu vya Jumanne nivihamishie ofisini kwako. Nitakuja na mume wangu na kofia yake, na familia itakuja jioni na vitu vilivyovunjika. Utachagua mwenyewe upande wa kuchukua.

Naomba jibu lenye ukali wa kutosha. Wasalimie walimu wote, mhasibu, mlinzi wa getini na mama anayewapikia chai. Aliyebuni kozi hii naye msalimie, ila kwa mbali.

Wako mwenye kinyongo na heshima,

Fundi wa sare, mteja wa Jumanne

Nyongeza: Mheshimiwa, tafadhali usiifanyie kazi barua hii. Naituma kwa sababu stempu nimeshabandika.

Nilimsomea mshauri kwanza, maana sipendi kumsema mtu kisogoni. Alivumilia mpaka namba tatu. Kwenye namba nne akavua miwani, akasema miaka miwili nimemfanya jalala la kumwagia hasira, kwamba yeye naye ana kwao anakorudi jioni, na kwamba mke wa mwanangu hakutukanwa na kozi. Akaniambia nitoke. Ndio ugomvi wenyewe niliokuwa nauomba, na nilishuka ngazi zote nikingoja moyo uwe mweupe. Haukuwa. Nikapanda tena, nikamwambia naona nimekuumiza, hebu niambie ilivyokuwa kwa upande wako. Maneno hayo sikuyapanga, yalitoka tu. Alinieleza kwa kirefu, na nilimkatiza mara mbili tu.

Kufika nyumbani nikajikuta nimesimama nje ya mlango wa mke wa mwanangu, anafunga vyombo, nikamwambia yaleyale. Alikaa juu ya boksi, akaanza. Nilisikiliza, Mheshimiwa, nimejiziba mdomo kwa mkono. Kumbe gauni lilikuwa jambo dogo kabisa.

Kama kozi yenu inapokea watu wa nje, mniandikie. Kuhama wanahama, wameshaahidiana na mwenye nyumba. Lakini ameniomba niwashonee mapazia, na nije kupima madirisha mwenyewe, siku yoyote ile.