Zero Iliyokataa Kuondoka Mezani Kwangu

Bunia, tarehe 11 mwezi wa tatu

Kwa Bwana Direkta wa shule ya msingi anaposoma binti yangu

Bwana Direkta mheshimiwa,

Kwanza amani, hata hii kidogo tuliyo nayo. Anayekuandikia ni Katsuva Ephraïm, mwuza misumari wa karibu na soko, mtu wa Butembo aliyehamia hapa zamani, mume wa Domitille, baba wa watoto wawili: Kambale Néhémie, na Masika Faida wa darasa la pili kwa Madamu Adeline. Sina ugomvi na mtu. Nina malalamiko manne tu, nami nayapanga kwa namba, maana naona shuleni kwako namba zinasikilizwa kuliko wazazi.

1. Vijiti. Madamu alidai kila mtoto alete vijiti mia moja vya kuhesabia. Faida akafungua ufagio wa mama yake. Nikavumilia. Ufagio wa pili nao ukaenda kwa mwenzake asiyekuwa na vijiti. Leo tunafagia na tawi la mti, na majirani wanauliza kama tumekimbilia porini tena.

2. Mafungu. Mtoto amefundishwa kwamba vitu kumi vikikutana vinafungwa pamoja na kuhamia mkebe wa kushoto, mkebe wa makumi; vinavyobaki bila kufungwa ni mamoja. Haya. Lakini kuni zangu zimefungwa kumi kumi. Misumari yangu imefungwa kumi kumi, kwa vipande vya mpira wa baiskeli yangu mwenyewe. Juma lililopita seremala alitaka misumari mitatu. Faida akamwambia fungu la kumi halifunguliwi ovyo, kwanza aseme kwa nini mamoja hayatoshi. Mzee wa watu akavuka barabara, akanunua kwa Lambert, ambaye hajui makumi wala mamoja na duka lake linaenda vizuri.

3. Zero. Hapa, Bwana Direkta, naomba ukae. Siku moja Faida alirudi anaruka-ruka: «Papa, leo nilikuwa zero!» Mimi tangu utoto wangu sijaona mtu anayefurahia zero. Nikauliza, nikaambiwa Madamu alitaka kuonyesha mia tatu na tano. Mtoto mmoja alishika mafungu matatu ya mia, mwingine vijiti vitano, na katikati akasimamishwa binti yangu, mikono mitupu. Akaambiwa asitikisike, kwa sababu akiondoka wale wawili watakaribiana, na mia tatu na tano itakuwa thelathini na tano. Alibanwa na mkojo mpaka kengele. Hakuondoka. Aliniambia kwamba kama angeondoka, mia mbili na sabini wangepotea juu ya kosa lake. Nakuuliza kwa heshima: katika Ituri hii, ambako watu wazima wamekwisha kupoteza watu bila kuulizwa, ni haki mzigo huo kupewa mtoto wa miaka saba?

4. Meza. Ndiyo iliyonishikisha kalamu. Nilikuwa na mtoto mwingine, Paluku Gauthier. Alikwenda Bambu kuchimba zahabu, barabara ikakatwa, kukapigwa vita, na tangu hapo ni miaka miwili na miezi saba bila neno. Mama yake aliendelea kupakua sahani yake, akiitazama, na yeye mwenyewe hali. Basi niliamuru, kama baba: sahani nne, na jina hilo lisitajwe. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walimaliza. Tukapata utulivu. Sikusema furaha, nimesema utulivu.

Sasa Faida ameleta zero nyumbani. Ameweka sahani tupu kati ya mama yake na Kambale, na kiti nyuma yake, na hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Pasta Floribert alikuja kutuombea, akakalia gunia la mihogo. Nikamwambia mtoto mahali patupu ni patupu. Akanijibu kwamba patupu ndipo panapowashika wengine kwenye nafasi zao. Nikamkemea. Akaniuliza swali, na wewe uliyesoma unijibie: kwetu Wanande mtoto mwanaume wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, sasa kama Paluku hahesabiwi, Kambale ni wa pili wa nani? Kambale aliacha kula. Mama yake alitoka nje.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Zero iondolewe katika masomo, angalau mpaka darasa la sita. Watoto watoke tisa waende kumi na moja, hakuna atakayekufa. Kama serikali itakataa, basi Madamu Adeline afike kwangu, amweleze Faida mbele yangu kwamba zero inaishia kwenye mlango wa shule. Na fagio mbili.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa lango, na Madamu Adeline mwenyewe, ambaye simchukii. Domitille anakusalimu, ila hajui nimeandika.

Wako katika heshima,
Katsuva Ephraïm,
baba wa watoto wawili

N.B. Barua hii ilikaa siku tatu mfukoni. Jana Domitille alipakua sahani tano bila kuambiwa, na yake akaimaliza. Halafu Lambert akaingia kutusalimu, akavuta kile kiti, na nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema: «Hapana, ndugu yangu, hapo iko mutu.» Fagio usihangaike nazo. Vijiti mia anavyobeba Faida leo nimevikata mimi, na nimevihesabu mara mbili. Barua naituma vilevile kwa sababu sina karatasi nyingine, lakini kuna kosa juu na chini, nilipoandika watoto wawili. Tafadhali sahihisha kwa kalamu nyekundu: watatu. Paluku, Kambale, Masika.