Mkwe Kwenye Mistari Myeupe

Leo nimeaibika mchana kweupe, katikati ya lami, Kibiti nzima ikitazama.

Ndugu zangu, nawaandikia nyote wanne barua moja. Kondakta wa basi la kesho asubuhi atawaletea hapo Kariakoo. Someni kwa pamoja, mnicheke mara moja mmalize, kwa sababu sina nguvu ya kuisimulia aibu hii mara nne.

Mnakijua kituo cha mabasi cha Kibiti kilivyokuwa. Zamani basi lilikuwa moja. Likija limekuja, lisipokuja mnarudi kulala. Siku hizi kila mwenye uwezo ana basi lake, na yote yanataka abiria wale wale. Yanafukuzana tangu Mkuranga, yakifika sokoni kwetu yanasimama popote palipo na mtu mwenye mzigo. Moja likishusha watu, la pili linalipita bila kuuliza nani anavuka.

Hapo ndipo mama mkwe wangu alipoponea chupuchupu mwaka jana. (Jina lake silitaji. Mkwe hatajwi jina, hata kwenye barua.) Alitoka Salale, kule deltani kwenye mikoko, kuja kumtazama mwanawe, na kapu la kamba wakavu kichwani. Kashuka, kazunguka mbele ya basi, na basi jingine likampita puani. Yeye akarukia mtaroni. Kamba wakabaki barabarani, magurudumu yakawasaga. Akajipangusa vumbi, akapanda gari la kurudi siku ile ile. Maneno aliyomwachia mke wangu Mwanahawa nimeyahifadhi:

"Kwetu mtumbwi ukikutana na mtumbwi kwenye kijito, mmoja humpisha mwenziwe. Huku mwenye honi ndiye mwenye njia. Mie Kibiti siji tena mpaka barabara yenu ipate adabu."

Tukadhani ni hasira za siku moja. Ng'o. Mwanahawa akashika mimba, mimba ya kwanza, nanyi mnajua uzazi wa kwanza unavyotaka mama. Kila tulipopata mtu wa kupanda boti pale Nyamisati tulituma salamu, na kila salamu ikarudi na jibu lile lile: barabara. Mtoto kazaliwa, dume, leo ana siku tisa, na bibi yake hajamtia machoni. Mwanahawa hamlaumu mtu. Lakini akimwogesha mtoto anageuka kutazama mlangoni, na mimi naumia.

Kwa hiyo tangu mimba ilipoonekana nikaingia kamati ya barabara ya kijiji. (Mimi, fundi cherehani, nisiyejua hata kuendesha baiskeli.) Nikapigania kituo kitoke sokoni kije mbele ya zahanati, mahali barabara imenyooka na dereva anakuona toka mbali, na pachorwe mistari myeupe ya kuvukia. Niliyasema hayo vikao vitatu. Kikao cha nne wakakubali ili ninyamaze.

Tatizo likawa mhandisi wa halmashauri. Bwana mpole, mtu wa bara, anakunywa chai bila sukari. Yeye alitaka kituo kipelekwe kwenye ghala la zamani la korosho, nje ya mji, mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye mzigo. Alisema mistari tumeshaichora sawa, lakini watu wa hapa hawataielewa, mtu atasimama katikati agongwe. Basi akatoa uamuzi: atakuja kuangalia kwa macho yake. Watu wakivuka kwa utaratibu, kituo kitabaki mbele ya zahanati. Wakivurunda, ghalani.

Nami nilijua jambo moja. Mama yule hawezi kutembea nusu saa kando ya lami ile ile iliyomsagia kamba wake. Kituo kikienda ghalani, mwanangu atamwona bibi yake akishaota ndevu.

Siku ya kuangaliwa ndiyo leo, na kamati ilinichagua mimi kuonyesha mfano. Nikajishonea kizibao cha kitambaa cha njano, ile njano inayoumiza macho, na mgongoni nikashona herufi nyekundu kubwa: MFANO WA KUIGWA. (Wazo langu mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha.) Asubuhi Mwanahawa akaniona najigeuzageuza mbele ya kioo, akacheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Sicheki. Vaa na kofia, baba, upendeze."

"Kwani leo kuna nini?"

"Kwani mtu hapendezi mpaka kuwe na jambo?"

Mwanamume mwenye akili angeuliza zaidi. Mimi nikachukua kofia.

Kabla ya saa nne watu walishajaa pande zote mbili za barabara. Wauza samaki waliacha samaki wao kwa inzi waje kutazama watu wakivuka, kana kwamba wao wenyewe hawajawahi kuvuka. Mtendaji wa kijiji alikuwepo na daftari lake, mhandisi na miwani yake. Nikapewa kipaza sauti cha betri, nikatoa somo.

Nikawaambia mambo ni matatu tu. Ukishaingia kwenye mistari, usikimbie. Usirudi nyuma. Na usisimame katikati, hata ukiitwa na nani. Nikawataka wanirudishie, wakarudisha kwa sauti moja. Mhandisi akaitikia kwa kichwa, nikaona kaanza kulainika.

Basi la kutoka Dar likatokea, likasimama pale pale palipopangwa. (Nililitazama mara mbili. Basi la njia yetu, limesimama palipopangwa.) Abiria wakashuka ng'ambo, wa Dar na waliopandia njia panda ya Nyamisati, wakajipanga ukingoni kama walivyoelekezwa na kondakta. Mpango ulikuwa wao waanze kuvuka kutoka kule na mimi kutoka huku, tupishane katikati, mhandisi aone. Nikainua mkono wa kulia, nikaingia kwenye mistari, taratibu, kifua mbele. Nao wakaingia. Aliyetangulia alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kanga mbili na kapu kichwani, anatazama chini, anakanyaga mstari mmoja mmoja kwa uangalifu.

Tukabakiza hatua tatu. Akainua uso.

Alikuwa mkwe wangu.

Sasa, ninyi mmekaa mjini siku nyingi, huenda mmesahau. Kwetu mwanamume akikutana na mama mkwe njiani, anamwachia njia. Anaingia majanini, anachuchumaa, anageuza uso, anaamkia bila kumtazama. Mama naye anajifunika kanga, anaitikia, anapita. Baba yangu alifanya hivyo, babu yangu alifanya hivyo. Ni jambo la miguu, halingoji kichwa kifikiri.

Lakini lami haina majani.

Kwanza nilikimbia. Hatua nne hivi, kurudi nilikotoka. Kisha nikaona haya kumkimbia mkwe kama mwizi wa kuku, nikatoka nje ya mistari na kuchuchumaa pale pale, katikati ya barabara kuu ya kwenda Kusini, mgongo kwake, uso nimeuzika ndani ya kofia. Mambo matatu niliyoyakataza nimeyatenda yote kabla hata kipaza sauti hakijapoa. Na kwa kuwa mgongo ulielekea kwa abiria, waliojua kusoma waliwasomea wasiojua: mfano wa kuigwa.

"Shikamoo mama," nikaiambia kofia.

"Marahaba," ikajibu sauti kutoka ndani ya kanga.

Maana mkwe naye ni mtu wa adabu zake. Alishatua kapu, kajifunika kichwa na uso, kanipa mgongo, kasimama. Abiria waliokuwa nyuma yake wakasimama. Hakuna mtu wa huku kwetu atakayejipenyeza kati ya mkwe na mkwe. Likaja lori la nazi kutoka upande wa Ikwiriri, likapiga honi mara moja, kisha dereva akatuona tulivyokaa, akazima injini. Nyuma yake pikapu, nayo kimya. Upande wa Dar basi la pili lilifika na haraka zake zote, likatulia. Niliwasikia kuku waliofungwa juu ya basi.

Mhandisi akavua miwani. "Huyu bwana kapatwa na nini? Anaumwa?"

"Haumwi, mheshimiwa," Mtendaji akasema. "Ni mkwe."

"Mkwe ndiyo alama gani ya barabarani?"

Mtendaji akafunga daftari lake. "Kwa huku kwetu, mheshimiwa, ndiyo inayozishinda zote."

Ikabaki kazi ya kututoa pale. Mkwe hasemeshwi ana kwa ana mbele za watu, lazima awepo wa kupokea maneno na kuyafikisha. Kondakta wa basi akajitolea. Akaja akasimama kati yetu, ingawa baina yetu palikuwa na hatua saba na barabara nzima ilikuwa inasikia.

"Mwambie huyo mwanamume," mkwe akasema, "salamu zake za kuniita nimezichoka. Haya, nimekuja. Mbona kanipa mgongo?"

"Mama anasema umempa mgongo."

"Mwambie ni heshima."

"Anasema ni heshima, mama."

"Heshima ya katikati ya magari? Mwambie anyanyuke hapo. Mie sikutoka Salale kuja kumfanya mjukuu wangu yatima."

"Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Amesikia, mama."

"Kama kasikia mbona hanyanyuki?"

Sikunyanyuka kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi. Huo ndio ukweli, ingawa hapa Kibiti tayari kuna wanaosema nilikuwa nalia. Mtendaji na dereva wa lori wakanishika makwapani, wakanivuta hadi pembeni kama gunia la mpunga, magoti bado yamekunjika.

Hapo mkwe akajifunua uso. Akajitwika kapu, akavuka. Hakukimbia, hakurudi nyuma, hakusimama. Abiria wote wakamfuata kwa mstari mmoja, hakuna aliyemsukuma mwenzake, na gari hata moja halikusogea mpaka mtu wa mwisho, mzee mwenye mkongojo, alipokanyaga upande wetu. Dereva wa lori la nazi akarudi kwenye gari lake anatembea kwa ncha za vidole.

Mimi nilikaa chini ukingoni, kizibao kimenipanda shingoni. Mhandisi alikuwa anaandika, na aliandika kwa muda mrefu. Nikaona ghala la korosho hilo hapo. Miezi yote ya vikao nimeiangusha kwa kuchuchumaa. Kuchekwa sikukuwaza tena, nilimuwaza Mwanahawa tu, na safari zote ambazo mama yake hatakuja tena baada ya hii. Nilisikia uchungu wa kweli, jamani.

Akanijia, akainama.

"Bwana Mshamu, wewe hujui kuvuka barabara."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Nilisema watu wa hapa watasimama katikati. Nimehesabu abiria wote. Wamesubiri kwa mstari, wakavuka. Aliyekaa chini ni wewe peke yako."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na magari yamesimama. Yote. Nimezunguka wilaya nyingi, sijaona dereva anazima injini kwa ajili ya mtu wa miguu." Akafunika kalamu yake. "Kituo kitabaki hapa mbele ya zahanati. Ila kamati itafute mtu mwingine wa kuonyesha mfano."

Watu wakapiga makofi. Nilitaka kuinua mkono nishukuru, kumbe wote wamegeukia kule alikoelekea mama mwenye kapu.

Nilirudi nyumbani kwa kichochoro cha nyuma ya zahanati. Kumbe aliyemwita mkwe ni Mwanahawa. Wiki iliyopita alituma habari Salale kwamba mistari imeshachorwa, na hakuniambia kwa sababu alijua ningeanza kutetemeka kabla ya siku. Sikuingia ndani. Nilikaa barazani nyuma ya ukuta, nikasikia maji yanamiminwa kwenye beseni, mtoto anapiga kelele, na bibi yake anamwambia, "Nyamaza bwana mdogo, hata baba yako kapata taabu leo." Mwanahawa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, hilo siwafichi. (Haya ndiyo machozi ya kweli. Yale ya barabarani ni uzushi.)

Baada ya kitambo Mwanahawa akatoka na sahani ya wali na kamba, safari hii wazima, hawajasagwa.

"Mama anakusalimu."

"Nimesikia. Ukuta huu ni wa udongo."

"Anasema barabara umeitengeneza vizuri, Mungu akuzidishie. Ila kuanzia leo usivuke peke yako."

Basi chekeni, lakini chekeni polepole. Mkwe anakaa mpaka arobaini ya mtoto, na nyumba yangu ina mlango mmoja.