Stesheni ya Treni Kibanjani kwa Ma Kokubanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye leo ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa mlio viti vya mbele na waheshimiwa watarajiwa mlio viti vya nyuma. Baba paroko na mchungaji, ambao nimewakalisha mbalimbali kwa sababu za kiitifaki. Mkuu wa chuo chetu, wanachuo, kwaya zote mbili. Na wewe Ma Kokubanza, mwenye kibanja hiki cha migomba tunachokikanyaga: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Ma Kokubanza hapigi.)

Mimi, Josia Rugemalira, Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Reli Nyepesi ya Mjini, nasimama hapa Nyanga kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wengi wameniambia hawajauona kwa kiongozi mwingine yeyote, kuwatangazia kwamba, katika muktadha wa usafiri fungamanishi wa levo ya kimataifa, treni itatoka Bilele kule mjini, itapanda kilima, itasimama hapa hapa kwenye migomba, na kumshusha mwanachuo mlangoni mwa darasa kabla hajamaliza kupiga miayo. (Wanachuo: "Ilete hata kesho!")

Hatukukurupuka. Tulifanya upembuzi yakinifu, tukaupembua na upembuzi wenyewe, tukaunda timu ya kwenda Muleba kujifunza, na ripoti ya timu, yenye picha zangu nzuri sana, imethibitisha kwamba Muleba nako hakuna treni, jambo linalotuweka nao sambamba kimaendeleo. Asilimia tisini na tisa ya wadau walisema ndiyo; mmoja aliyebaki alikuwa anatafuna punje za kahawa, hakuweza kujibu, tukamweka kwenye ndiyo. (Kicheko.)

(Ma Kokubanza amesimama: "Waitu mheshimiwa! Tangu masika mmenikataza kutandaza nyasi kibanjani, mkasema treni inakuja. Migomba imebaki mizizi nje, inaanguka. Nitandaze, nisitandaze?")

Swali zuri sana, mama, na nitalijibu kimkakati. Migomba ni maendeleo ya mtu mmoja. Reli ni maendeleo mtambuka. Naomba uvute subira katika kipindi hiki cha mpito.

("Na mume wangu aliyelala pale?")

Marehemu Ta Mutembei tumemzingatia! Sisi Wahaya hatuhamishi wazee wetu kibanjani kama magunia. Treni itamzunguka kwa heshima: abiria wa chuoni watasubiri upande wa kichwa chake, wa kurudi mjini upande wa miguu, na dereva atapiga honi kwa sauti ya chini. (Ta Kyaruzi, jirani: "Naye atakata tiketi?" Kicheko kirefu. Ma Kokubanza anacheka pia, huku anafuta macho.) Wazee watapanda bure, Ta Kyaruzi, walio hai na wengineo.

Basi tuseme wote: Nyanga kwa reli! ("Kwa reli!") Matope baibai! ("Baibai!") Rugemalira tena! (Anaitikia dereva wake peke yake.)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wahandisi wa reli, ambao tutawatafuta. Naishukuru wizara husika, ambayo tutaiarifu tukishajua ni ipi. Namshukuru aliyechora treni ile kwenye bango, ambaye hajawahi kuiona, na ameiwekea kioo cha pembeni kama basi. Na zaidi ya wote nakushukuru wewe, Ma Kokubanza, kwa kulinda msimu mzima nafasi ya kitu ambacho, kitaalamu, ni wazo lililonijia siku gari langu lilipokwama kwenye tope pale chini. Asanteni kwa kunisikiliza!

(Ma Kokubanza anapanda jukwaani, anampokonya kipaza sauti: "Josia mjukuu wangu, nimekubeba kwa mgongo huu huu. Tumbo tupu ndilo linalokufanya useme hivi. Ebitoke, ndizi zetu hizi, na maharage vimeiva, ule ushibe. Ukimaliza, vua hilo koti. Nyasi ziko bondeni, utazipandisha wewe, na utaanza na mgomba ulio karibu na kaburi la babu yako.")

(Makofi. Mgeni rasmi anafungua vifungo.)