Kosa la Saa Tisa na Dakika Kumi

Jumapili, 3 Machi

Aibu tupu. Mke wangu amepotea akiwa katikati ya sentensi, na aliyempoteza ni mimi.

Hupiga simu ya video kila Jumapili saa tisa, kutoka kwa binti yetu aliyejifungua. Alikwenda kumsaidia kwa wiki tatu. Hii ni ya kumi na moja. Simlaumu. Mtoto mchanga anamhitaji kuliko mimi ninayejua kuchemsha mayai. Lakini kila akipiga, uso wake huganda kwenye skrini. Mdomo wazi, jicho moja limefumba, kama mtu aliyenyimwa chafya. Nikaona isiwe tabu. Wiki nzima nimekuwa nikiikimbiza RAM ya kompyuta, ile kumbukumbu yake ya kazi, kupita kasi iliyopangiwa kiwandani. Kutoka elfu tatu na mia mbili mpaka elfu tatu na mia sita! Nionyeshwe mstaafu mwingine mtaa huu aliyefika hapo.

Leo akatokea safi kabisa. Nikamwona mpaka kovu dogo la kwenye nyusi. Sikuwa nimemwona hivyo tangu aondoke, nikasahau hata kujisifu. Akauliza ninakula nini. Nikatia chumvi kidogo, nikataja mboga. Halafu akakaa vizuri, akanitazama, akasema, "Nimefikiri sana, babu. Nataka nikuulize kitu, na ukikataa sitakasirika. Hivi wewe unaweza..."

Skrini ya bluu. Kompyuta ikajizima, ikawaka upya. Saa ya ukutani: tisa na dakika kumi.

Ninaweza nini? Kuishi peke yangu mwaka mzima? Kuendelea na mayai? Ningempigia palepale, lakini kumpigia kwa mashine mbovu ni kumkatia mara ya pili. Kwanza kosa, halafu mke. Huo ndio utaratibu.

Niseme ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu: ninaogopa mwisho wa hiyo sentensi.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza uchunguzi rasmi. Kuna programu ya kupima RAM. Inaandika tarakimu kila pembe ya kumbukumbu, kisha inazisoma. Kilichoingia ndicho kitoke. Tarakimu moja ikitoka imebadilika, mstari mwekundu unajitokeza, na kasi yako haifai. Jaribio linachukua saa nane, na ukiigusa mashine unaanza upya.

Nimewasha saa mbili asubuhi. Nimeketi mbele yake kama mtu anayelinda maziwa jikoni. Simu nimeipeleka mbali ili mawimbi yake yasiingilie. Nimeitia kwenye sufuria, nikafunika, nikaweka sufuria ndani ya kabati. Sayansi haitaki mzaha.

Makosa sifuri saa nne. Sifuri saa saba. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia mke wangu, ya kawaida tu, yasionyeshe kwamba nimeyatunga. Saa tisa na dakika kumi: mstari mwekundu. Kosa moja.

Nimefunua sufuria jioni. Ameshanipigia mara tatu.

Nilitaka kumpigia. Lakini kwa simu ya kawaida, sauti tu, kama mtu anayeulizia bei ya saruji? Mambo mazito hayo yanataka uso. Nimeamua kusubiri mpaka mashine ipone.

Jumanne, 5 Machi

Nimeiongezea RAM volteji. Nimevichomoa vijiti vyake vyote viwili, nikasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli mpaka yakang'aa. Nikarudisha kimoja tu. Mbinu ya kipelelezi: kijiti kimoja kimoja mpaka mhalifu apatikane.

Saa tisa na dakika kumi, kosa moja. Nimempata! Ni kijiti hiki! Nimekiweka kwenye soksi kama kizuizini.

Mchana huo wote pazia lilikuwa wazi, kama kawaida. Tangu mke wangu aondoke silifungi. Kutoka pale mezani unaona kituo cha basi chote, na napenda kuona watu wakishuka. Kompyuta nayo niliigeuza zamani ule ubavu wake wa kioo utazame nje, taa zake zionekane barabarani. Sijasikia mtu akizisifu bado.

Nimekula mayai.

Jumatano, 6 Machi

Kijiti cha pili, kile mwaminifu, nacho kimetoa kosa. Saa tisa na dakika kumi. Nimemtoa mwenzake kwenye soksi na kumwomba radhi. Kwa sauti. Sikupenda kusikia sauti yangu ndani ya hii nyumba.

Mapema leo nilikuwa nimeshakwenda kwa fundi kompyuta. Akanisikiliza huku akipuliza vumbi kwenye kibodi ya mtu. Akasema kwanza mzee rudisha mipangilio ya kiwandani, kasi hiyo huna kazi nayo. Pili, kuganda kwa video ni mtandao, si RAM. Tatu, kosa linalokuja saa ileile kila siku haliko kwenye kijiti, nikaangalie saa hiyo chumbani kuna nini. Kijana mzuri, lakini ana haraka ya kufunga kesi. Nimechukua lile la tatu, hayo mengine nimemwachia.

Basi saa tisa chumbani kuna nini? Kuna mimi.

Kisha nikasikia. Au tuseme, nikaacha kusikia. Ng'ambo ya barabara, ghorofa sawa na yangu, anakaa fundi cherehani. Cherehani yake ni ya umeme, inavuma tangu asubuhi. Saa tisa kamili ikanyamaza. Dakika kumi baadaye, kosa!

Alhamisi, 7 Machi

Nimehakikisha. Nimesimama dirishani na daftari. Saa tisa kamili cherehani kimya. Saa tisa na dakika kumi kosa. Jambo liko wazi kama mchana. Nyaya zetu zinatoka nguzo moja. Anapoacha kushona, umeme wote aliokuwa anautumia unakosa pa kwenda, unanirudia mimi. Mwanamke huyu ndiye aliyenikatia mke wangu!

Nikaandika barua. Ya heshima, lakini yenye meno. Kwamba kwa manufaa ya majirani wote asiache kushona kati ya saa tisa na saa kumi, siku yoyote, kwa sababu yoyote. Cherehani ilipovuma tena saa kumi nikavuka barabara, nikaipenyeza chini ya mlango wake, nikashuka ngazi mbilimbili.

Hazikupita dakika tano, hodi. Amesimama mlangoni na barua mkononi, utepe wa kupimia shingoni, pini zimepangwa kifuani. Nikamkaribisha. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Shemeji," akasema, "mimi ndiye niambiwe nisiache kushona? Saa tisa sioni hata tundu la sindano kwa sababu yako."

Nikamtaka afafanue. Akanyoosha kidole kwenye ubavu wa kioo wa kompyuta. Jua la saa tisa linaingia dirishani kwangu, linapiga kioo hicho, linavuka barabara, linatua kwenye jicho lake. Wiki kumi na moja sasa anaacha kazi na kwenda kukaa kwenye ngazi mpaka saa kumi. Akasema dada, yaani mke wangu, alikuwa akivuta pazia kila siku saa tisa. Walikubaliana tangu zamani.

Sikujua. Miaka yote hiyo pazia likivutwa nyuma ya mgongo wangu, na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Nikashika kioo. Bado moto! Kiganja hakikai. Na vijiti vya RAM viko palepale nyuma yake, vinakimbizwa kupita kiasi huku vinaokwa. Nikajitia mjuzi, nikasema nilishahisi hivyo.

Alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka. Akasema dada alimpigia jana. Kwamba Jumapili aliniuliza kama ninaweza kwenda kukaa nao huko, chumba kipo, nikakata simu. Akapiga tena mara tatu sikupokea. "Anasema kama hutaki hana neno. Ila useme, shemeji, usimnyamazie."

Akaondoka. Nikabaki nimesimama na kiganja kinachochoma. Kumbe sentensi yenyewe iliishia hapo. Unaweza kuja. Nimekaa siku nne nikilikimbia neno moja, na neno lenyewe lilikuwa zuri.

Nikashika simu. Nikaiweka. Mtu aliyemkatia mkewe kwa video ataomba radhi kwa video. Kesho, baada ya jaribio.

Ijumaa, 8 Machi

Pazia limefungwa. Chumba giza kama stoo. Kituo cha basi hakionekani, nimekaa nikisikia tu breki za mabasi.

Saa tisa. Cherehani haikunyamaza. Saa tisa na dakika kumi. Sifuri. Saa kumi, jaribio limekwisha. Makosa SIFURI! Nikasimama nikapiga makofi. Makofi ya mtu mmoja ni machache sana.

Nikampigia. Akapokea mara moja, kama aliyekuwa amekaa na simu. Nikaeleza yote: RAM, kijiti kwenye soksi, sufuria, jua. Alicheka mpaka mtoto akaamka. Akasema, "Simu zangu zote zilikuwa kwenye sufuria?" Nikasema na mfuniko. Akacheka tena. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu mwaka jana.

Basi linatoka kesho saa mbili asubuhi, na hilo hutoka Jumamosi tu. Atakuja kunipokea. Amesema nije na nguo za baridi, na nisilete kompyuta. Nikasema nakuja. Nilisema bila kufikiri, na moyo ukawa mwepesi.

Kasoro moja tu. Alipokuwa akisema "nakungoja" uso ukaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Makosa sifuri, na bado ameganda! Maana yake ni moja tu. Kasi bado ni ndogo.

Nimefunga begi. Liko mlangoni.

Jumamosi, 9 Machi

Nieleze jinsi ilivyokuwa, kwa utulivu, maana si kosa la mtu.

Niliamka mapema. Begi tayari, viatu miguuni. Kulikuwa na muda. Nikasema si vizuri kuiachia mashine deni la kuganda, nikapandisha kasi mpaka elfu nne. Hatua ya kihistoria. Jaribio fupi, la saa mbili tu, kuanzia saa kumi na mbili. Saa mbili kasorobo lilikuwa asilimia tisini. Saa mbili kasoro dakika tano, tisini na sita. Kituo ni hatua hamsini kutoka mlangoni. Na basi hilo, kila mtu anajua, halijawahi kuondoka kwa wakati.

Leo limeondoka kwa wakati.

Nilisikia honi. Nikashuka na begi, nikafika nikaona moshi. Nikarudi juu. Kwenye skrini: jaribio limekamilika, elfu nne, makosa sifuri. Nilitazama huku na huku nimwonyeshe mtu.

Nimempigia kwa simu ya kawaida. Sikuwa na uso wa kuonyesha. Nikasema Jumamosi ijayo, bila shaka, nikaanza kumweleza habari ya elfu nne. Hakukasirika, afadhali angekasirika.

"Haya," akasema. "Kitanda nilishakitandika."

Halafu mtoto akalia, akaniaga.

Nimekaa. Begi sijalifungua, la nini kulifungua, ni wiki moja tu. Nimewasha jaribio refu ili siku ipite. Adhuhuri nimekula mayai. Baadaye giza la chumba likanichosha, nikavuta pazia nikalifungua. Mchana kuna basi linalorudi kutoka kule, linasimama hapa kituoni. Si kwamba namtegemea. Natazama tu. Wameshuka watu sita na kuku mmoja. Nimewahesabu mara mbili.

Ng'ambo cherehani imenyamaza. Fundi ametoka, amekaa kwenye ngazi, ananitazama. Nimempungia mkono. Hakupunga.

Saa tisa na dakika kumi. Mstari mwekundu! Kosa moja.

Ajabu. Asubuhi ilikuwa safi kabisa. Itakuwa volteji. Nimeiongeza kidogo.