Maji Yasome Sufuri

Jumatatu, 8 Juni 1998

Mashine imefika! Imeshushwa kwenye lori ikiwa imezungushiwa magodoro. Ni mtumba kutoka Ulaya, lakini nani hapa Dodoma hajavaa mtumba? Inaitwa siti-skani.

Injinia Batholomeo, aliyekuja nayo kutoka Dar, ametueleza. Eksirei yangu ya miaka kumi na moja hupiga picha kutoka upande mmoja, kila kitu kinalaliana. Hii ina duara. Bomba la mionzi linamzunguka mgonjwa, vipokezi upande wa pili vinapima kiasi cha mionzi iliyopenya, kisha kompyuta inajumlisha vipimo vya pembe zote na kuchora kichwa kipande kwa kipande, kama mkate wa slesi. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anayajua hayo tangu zamani.

Anatakiwa mwendeshaji mmoja. Mtihani Ijumaa. Wagombea ni mimi na Evodia, binti aliyemaliza chuo juzi tu. Maskini!

Jioni nimempitia fundi cherehani. Nimeagiza koti jeupe, mfukoni liandikwe OPTATUS, MKUU WA SITI-SKANI. Akauliza kama kazi nimeshapewa. Nikamwambia aanze kudarizi.

Jumatano, 10 Juni

Somo la pili. Kila asubuhi bomba lipashwe moto kwanza, halafu lipimwe kopo la plastiki lililojaa maji. Kwa mashine hii kila kitu ni namba. Hewa ni elfu moja chini ya sufuri. Mfupa mgumu hufika elfu moja juu. Maji ni sufuri. Yakipita nne, juu au chini, mgonjwa haingii, kwa sababu ubongo husoma thelathini na kitu na damu iliyovuja kama sitini. Namba zikidanganya, daktari naye anadanganyika.

Evodia aliandika yote. Kimbelembele! Mimi siandiki, kichwa changu kinatosha.

Nimeamua kesho jioni niende na lile kopo nyumbani, nijizoeze kulipanga kwenye meza mpaka mikono izoee. Kuazima si kuiba.

Alhamisi, 11 Juni

Ajali ndogo. Upepo wa leo ulikuwa wa kishenzi. Baiskeli ikayumba, kopo likaanguka, kizibo kikachomoka, maji yote yakanywewa na mchanga wa kwetu Miyuji.

Mke wangu Frida kasema nikamwambie injinia. Frida ni mwoga. Kisima kipo hatua ishirini kutoka mlangoni kwetu! Nimejaza, nimefuta vumbi, nimebana kizibo. Ukiyatazama yanang'aa kuliko yale ya kwanza. Maji ni maji tu.

Ijumaa, 12 Juni

Loo.

Nilirudisha kopo saa moja kasoro, hakuna aliyeniona. Saa mbili akaletwa Mzee Matonya wa Bahi, ng'ombe kampiga teke la kichwa. Alikuwa anatapika na kuweweseka, akidhani binti yake, Lea, ni mama yake. Injinia akasema basi mtihani ndio huo, tuanze na maji.

Nikabonyeza mimi. Nane!

Injinia akarudia mara tatu. Nane, nane, nane. Jasho likamtoka na kiyoyozi kinanguruma. Akasema huenda vipokezi vimekufa, vipuri ni miezi mitatu, mzee asafirishwe Dar kwa barabara. Lea akaketi sakafuni, akalia. Hapo niliona aibu, sitaficha. Nilijua kabisa nini kimebadilika. Nilitaka kusema. Badala yake nikainama kukagua waya wa umeme.

Evodia akafungua kopo. Akachovya kidole. Akalamba! Akasema haya ni maji ya chumvi, tena ya kisima cha Miyuji, yale yanayokata maziwa ya chai. Akamwuliza injinia nani hapa anakaa Miyuji.

Wote wakanigeukia. Nikasema yote.

Msafiri, dereva wa gari la wagonjwa, akaleta maji ya betri ambayo hayajafunguliwa, yale safi yasiyo na asidi. Evodia akajaza taratibu, akatoa mapovu yote. Sufuri. Akamlaza mzee, akamwambia Lea amsihi babake kwa Kigogo asitikisike. Bomba likazunguka. Kitanda kikasogea kidogo, likazunguka tena. Kipande cha tano kikaonyesha damu, kwenye picha ni nyeupe, imejibana chini ya fuvu. Daktari wa upasuaji akamchukua saa ile ile.

Kiti kapewa Evodia. Injinia akaniambia nishukuru Mungu na nirudi kwenye eksirei yangu. Nilinywea.

Jumapili, 14 Juni

Mzee Matonya ameamka, anadai ugali na mlenda. Nimefurahi, haki ya Mungu. Lea kamletea Evodia kuku. Mimi kanipa shikamoo tu.

Koti limekamilika. Fundi anasema darizi yake haifumuki. Nalivaa nyumbani.

Mambo yaliyotokea nimeyatafakari kwa siku mbili, kisayansi kabisa, na kosa langu nimeliona. Kosa lilikuwa kisima! Leo baada ya ibada nimepanda baiskeli hadi Mkonze, nimeonja visima vitatu. Cha tatu kitamu kama soda. Nimejaza dumu la lita ishirini, liko chini ya kitanda. Evodia ana likizo mwezi wa nane, na kopo lazima lijazwe na mtu.

Frida kaniuliza kwa nini nisinunue tu maji ya betri.

Nimemjibu mimi nataka kuendesha siti-skani, si lori.