Msiba wa Baba Mdogo

Jumatatu, 23 Machi
Mkataba wa fremu yangu ya duka unakwisha mwisho wa mwezi. Miaka kumi na moja nashona hapa, mkabala na shule, sare zote zangu. Nikiikosa fremu hii nimekwisha. Kinyozi wa jirani anaimezea mate, mnafiki yule! Nimeusoma mkataba mara mbili. Notisi ya kuhama lazima mpangaji akabidhiwe mwenyewe, mkononi. Haa! Asiyeonekana hakabidhiwi.

Jumanne, 24 Machi
Mama mwenye nyumba kaja na bahasha. Nikajitupa nyuma ya gauni la bibi harusi. Mke wangu, kama nilivyomfunza, akasema nimekwenda msibani, baba mdogo amefariki. Baadaye akaninunia. Eti je, kama ni barua ya heri? Heri gani hutembea na bahasha!

Jumatano, 25 Machi
Kaja tena. Na rambirambi! Kalia machozi ya kweli, maskini. Mimi chini ya meza ya kukatia, vumbi la chaki tele puani. Sikupiga chafya. Mwanamume!

Alhamisi, 26 Machi
Siku ya nuksi. Mama mwenye nyumba kavuta kiti, kasema leo atanisubiri. Mara nani huyo? Baba mdogo, mzima wa afya, anafoka kwamba suruali niliyomshonea inambana. Akasema visigino vyangu anaviona, nitoke huko chini ya meza. Nikatoka. Mama akamtazama marehemu, akanitazama mimi, akairudisha bahasha mkobani. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 27 Machi
Mke wangu alikwenda kuomba radhi. Akaonyeshwa ile barua: kodi ileile, miaka mitatu mingine, sahihi yangu tu ilikuwa inangojwa. Sasa fremu ni ya kinyozi. Mama kasema hapangishi kwa mtu anayezika ndugu zake wakiwa hai. Kinyozi naye kaniambia njia ya mwongo ni fupi. Nimelia. Mke wangu hakulia, alikuwa anafunga vyerehani.

Jumatatu, 30 Machi
Tumehamia nyuma ya gereji. Mwanafunzi hapiti hata wa dawa. Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona: baba mdogo anakaa mtaa wa pili! Mwenye gereji anataka nitie sahihi leo. Nikimzungusha siku mbili tatu, kodi atashusha. Mke wangu kakataa katakata kusema lolote, kwa hiyo nimebandika karatasi mlangoni: fundi amekwenda kumzika shangazi. Shangazi anakaa mbali, na nauli hana.