Mstari Wangu Umelala Chini

Jumanne, 6 Mei

Nimerudi kutoka ghala la kikundi, kichwa kinagonga. Bwana Marselino wa mradi wa kuku amekuja na kompyuta yake kutoka Kibondo mjini, akabandika karatasi ukutani. Grafu! Nyumba tatu za majaribio hapa Busunzu, mistari mitatu, karatasi moja. Wa Immakulata ni wa bluu, uko juu kabisa. Wa Bibi Esteri ni wa kijani, uko chini. Nikauliza wangu uko wapi. Akanionyesha kwa kalamu, akasema upo mama, ni huu wa njano. Njano juu ya karatasi nyeupe! Tena umelala. Umelala kama mlevi wa pombe ya ndizi.

Mwezi mzima nimehesabu mayai ya kuku wangu tisa. Wiki ya kwanza ishirini na manne. Wiki hii thelathini na sita. Kupanda ni kupi tena?

Immakulata hafugi hata kuku. Ana kware. Kandege kadogo, kayai kama jicho la mbuzi! Lakini wako sitini na kitu, wanataga mayai mia tatu na hamsini kwa wiki. Akacheka mbele za watu, akaniambia Mama Ininahazwe, Kwaresima imekwisha, mbona kuku wako bado wamefunga?

Nilikuwa na jibu lakini lilikuwa baya.

Baada ya wiki tatu, nyumba ambayo mstari wake umepanda vizuri itawekewa mashine ya kutotolesha vifaranga, ile ya sola. Mwanangu Ininahazwe amemaliza kidato cha nne, anasema kama hapa nyumbani hakuna kazi anakwenda Mwanza kuuza duka la watu. Ameshaanza kukunja nguo. Mwanza! Alipolala siku mbili tu Kasulu kwa dada yangu, mimi sikula. Mashine ikija kwetu anabaki. Ameniahidi.

Na mstari umelala.

Alhamisi, 8 Mei

Nimepanda bodaboda mpaka Kibondo na karanga kilo mbili. Nilimkuta Marselino ofisini anakunywa chai. Nilikuwa na maombi mawili. La kwanza, rangi nyekundu. Akakubali hapo hapo, akabonyeza, nikawa mwekundu. La pili, amtoe Immakulata kwenye karatasi. Akakataa.

Akanieleza taratibu kama anayemfundisha mtoto. Kompyuta inaangalia namba kubwa kuliko zote, halafu inanyoosha rula yake mpaka ifike huko. Immakulata ana mia tatu na hamsini, basi rula inakwenda mpaka mia nne. Mayai yangu thelathini na sita yanapata nafasi ya upana wa kidole. Nikamwambia kumbe na kompyuta inamwogopa Immakulata.

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Akasema inawezekana kware wakapewa rula yao upande wa kulia, na sisi wa kuku tukabaki na yetu upande wa kushoto. Kila mtu asome rula yake. Nikamuuliza kwa nini hakufanya hivyo toka mwanzo. Akasema alikuwa na haraka.

Alikuwa na haraka! Mwanangu anakunja nguo, yeye ana haraka!

Karanga nilimwachia nusu.

Jumanne, 13 Mei

Mana yanje, Mungu wangu, karatasi mpya! Wangu mwekundu, umetoka chini kushoto umekwenda juu kulia kama moshi wa jikoni asubuhi. Umeukata ule wa bluu katikati na kuupita. Wa Immakulata umenyooka tu kama kamba ya kuanikia, maana kware wake kila wiki ni mayai yale yale.

Akaja mbio. Akapiga kelele kwamba amepunguzwa. Yeye mia tatu na hamsini, mimi thelathini na nane, nimempitaje? Akasema nimemlisha Marselino karanga. Hili ni kweli, lakini zilikuwa mbichi. Nikamwambia asome rula ya kulia. Akaniambia wewe hata ya kushoto huijui. Nikamjibu darasa la nne langu lanitosha, mama! Ghala zima likasimama kutusikiliza. Ininahazwe akanivuta mkono, kashikwa na aibu.

Lakini silali na furaha. Ule wa kijani nao unapanda. Bibi Esteri ana kuku wanne tu, ametoka mayai kumi akafika ishirini. Marselino akatangaza kwa sauti kwamba bibi amezidisha mara mbili. Mimi sijafika mara mbili, Ininahazwe amenipigia hesabu. Bibi mwenyewe akatabasamu, akasema ni kuku tu, mwanangu, mimi sijui kitu.

Hajui kitu! Hao ndio wa kuogopa.

Anaishi peke yake. Yeye mashine itamzuilia mtoto gani asiende Mwanza?

Jumatano, 14 Mei

Nimepata!

Kila mtu Busunzu anajua, ukichukua mayai unaacha moja kiotani. Kuku akikuta kiota kitupu anahama, anakwenda kutaga kwenye migomba ya jirani. Hilo moja linakaa siku zote na hatulihesabu. Nani alisema lisihesabiwe? Ni yai. Limo kiotani. Kesho asubuhi nikienda bado limo. Naliandika tena.

Nina viota vitano. Mayai matano kila siku, na sijadanganya mtu.

Halafu nikafikiri, kwa nini niache moja? Nimeacha matatu matatu. Mayai kumi na matano kila asubuhi kabla hata kuku hajaamka!

Ininahazwe akaniuliza mbona naimba. Nikamwambia ni wimbo wa kanisani.

Jumanne, 20 Mei

Mia moja arobaini na matatu.

Mstari mwekundu umepaa, nusura utoboe karatasi. Rula ya kushoto imebidi inyooshwe mpaka mia na hamsini. Na wa Bibi Esteri, uliokuwa unapanda vizuri, umelala chini kabisa, mwembamba. Bibi akausogelea, akauliza bwana mdogo, mbona wangu umeanguka, nimekosa nini? Marselino akamwambia hujakosa, bibi, ni rula tu. Nikaona uchungu kidogo moyoni. Kidogo. Ukapita.

Immakulata hakucheka. Aliniangalia kuanzia miguuni mpaka kitambaani.

Marselino naye hakufurahi. Akamuuliza Ininahazwe, kuku tisa kwa siku saba, kila mmoja akitaga kila siku, ni mangapi? Mtoto wangu mwenyewe, niliyemnyonyesha, akajibu sitini na matatu. Kisha akanigeukia. Nikasema kuku wangu wana bidii. Watu wakacheka, na mimi nikacheka ili nisionekane.

Baadaye nikamfuata Marselino pembeni, nikamwomba basi aipunguze ile namba, aandike sitini. Akasema iliyokwisha kuingia na kubandikwa haifutwi. Na kuanzia kesho atakayehesabu ni Ininahazwe. Akampa daftari langu la mayai.

Daftari langu!

Ijumaa, 23 Mei

Kuku wamenigeuka.

Nilikwenda bandani kuchukua mayai, nikakuta watano wamekaa juu ya viota, manyoya yamevimba, macho yamekodolewa. Nikaingiza mkono, nikadonolewa mpaka damu. Wanaatamia! Wameona mayai mengi kiotani, wakadhani ndiyo wakati wa kulea. Na kuku akiatamia hatagi.

Nalijua hili toka nikiwa msichana! Mama yangu alinifundisha. Lakini hasira ilikuwa imekaa mahali pa akili.

Nimewachovya mmoja mmoja kwenye beseni la maji baridi, ndiyo dawa yake. Wametoka wamelowa, wametikisa mabawa, wamenirushia maji yote, wamerudi kukaa pale pale. Yule mweusi mkubwa nimemtukana kwa Kiha na kwa Kiswahili. Hakuinuka.

Ininahazwe alikuwa mlangoni na daftari. Leo mayai mawili, jana moja. Akaniuliza, mama, kwani uliacha mangapi kwenye kila kiota? Nikamwambia awaulize kuku.

Aliingia ndani. Nikasikia zipu ya begi.

Jumanne, 27 Mei

Kumi na moja.

Mstari umeanguka kama lori lililokatika breki kwenye mteremko. Umepanda mpaka juu, ukageuka, ukashuka mpaka chini ya pale ulipoanzia. Watu walisimama mbele ya karatasi wakaitazama kama ajali. Immakulata akaniambia kwa upole, huo ndio mbaya kuliko matusi, pole mwenzangu, labda rula imeteleza.

Marselino akasema bila mia moja arobaini na matatu, na bila kuku kuatamia, ningeweza kushindana vizuri tu. Akasema mbele ya wote! Mashine imekwenda kwa Bibi Esteri. Ishirini na mawili, hajawahi kushuka hata wiki moja.

Nikalia. Sikutaka, nikalia tu, nikasema mwanangu Ijumaa anapanda basi, na ni mimi niliyemkatia tiketi kwa mayai. Hata Immakulata akaangalia pembeni.

Bibi Esteri akanishika bega. Akasema yeye macho yake hayaoni vinamba vya joto kwenye ile mashine, na alikuwa anaona aibu kusema. Akamuuliza Ininahazwe, mjukuu wangu, utaniwashia na kunigeuzia mayai kila siku? Vifaranga tutagawana. Ininahazwe akasema ndiyo kabla sijafunga mdomo.

Jioni hii ametoa nguo zote kwenye begi. Nimezikunja mwenyewe, nimezirudisha kabatini, nimefunga mlango wa kabati kwa kamba.

Jumamosi, 31 Mei

Amebaki. Nashukuru Mungu, nashukuru tena. Anakwenda kwa Bibi Esteri asubuhi, anarudi jioni anaongea joto tu, nyuzi thelathini na saba na nusu, mama, ikizidi wanakufa. Anacheka. Anakula viazi vitatu.

Lakini nikikaa nafikiri, hasira inarudi. Kwa nini mwanangu apashe moto mayai ya nyumba nyingine? Bandani kwangu nafasi haipo?

Leo Marselino amepita. Amesema mashine ya pili itakuja Desemba, na Jumanne tunaanza karatasi mpya, mistari yote inaanza upya. Akaniangalia mimi peke yangu, akasema safari hii ni ukweli mtupu, mama, kompyuta inataka kuona mstari unaopanda.

Sasa nimeielewa hiyo kompyuta. Kosa langu halikuwa mayai mengi mwishoni. Kosa langu lilikuwa kuanza juu mno. Mtu anayeanzia ishirini na manne atapanda kwenda wapi?

Ininahazwe yuko kwa Bibi Esteri kutwa, basi daftari limerudi kwangu. Wiki ya kwanza nitaandika mayai mawili.